Mwanamfalme Alemayehu: Yatima wa Magdala aliyezikwa ugenini

ABAGUSII, kuanzia Kenyenya hadi Nyamira, wangali wanadai kichwa cha shujaa wao Otenyo Nyamaterere, aliyemdunga mkuki afisa wa kikoloni, Northcote, mnamo Januari 1908. Masimulizi yao yanashikilia kwamba kichwa hicho kilipelekwa Uingereza. Hakuna kaburi la kuthibitisha dai hilo.

Huko huko Uingereza, hata hivyo, yupo Mwafrika ambaye kaburi lake linajulikana na jina lake limeandikwa, lakini naye hajarudishwa kwao. Huyo ni Mwanamfalme Alemayehu wa Ethiopia.

Alemayehu alizaliwa Aprili 1861. Babake alikuwa Mfalme Tewodros wa Pili na mamake Malkia Tiruwork. Kama mwana wa ndoa halali ya mfalme, ndiye aliyetazamiwa kurithi kiti.

Chanzo cha masaibu yake kilikuwa barua. Mnamo 1862 Tewodros alimwandikia Malkia Victoria akiomba urafiki na msaada. Alipokosa jibu, alighadhabika na kuwafunga Wazungu kadhaa, akiwemo balozi mdogo wa Uingereza. Uingereza ilituma jeshi la watu wapatao 13,000 chini ya Jenerali Robert Napier.

Ngome ya Magdala ilianguka Aprili 13, 1868. Tewodros alijiua kwa bastola badala ya kukamatwa. Wanajeshi walipora mataji, misalaba na maandiko ya kale, na inaelezwa kwamba tembo 15 na nyumbu karibu 200 walihitajika kubeba mali hiyo.

Mtoto naye alichukuliwa, akiwa hajatimiza miaka saba. Mamake alifuatana naye, lakini akafariki njiani mwezi uliofuata kwa maradhi. Alemayehu akabaki yatima mikononi mwa waliowashinda wazazi wake.

Alikabidhiwa Kapteni Tristram Speedy, aliyejua Kiamhari. Katika Kisiwa cha Wight alipelekwa mbele ya Malkia Victoria, ambaye alimpenda. Mtoto huyo alimzoea sana Speedy, wakaenda pamoja hadi India. Baadaye serikali iliamua asomeshwe Uingereza, akatenganishwa na mlezi huyo.

Alipitia shule za Cheltenham na Rugby, kisha chuo cha kijeshi cha Sandhurst. Hakufurahia masomo wala maisha hayo. Alitamani kurudi kwao, lakini hakuruhusiwa.

Mwaka 1879, akiwa nyumbani kwa mwalimu wake mjini Leeds, aliugua mapafu. Inasimuliwa kwamba alikataa matibabu akidhani anatiliwa sumu. Alifariki Novemba 14, akiwa na umri wa miaka 18. Malkia Victoria alihuzunika na kuagiza azikwe katika kanisa la Mtakatifu George, Windsor.

Ethiopia iliomba mabaki yake mwaka 2007, na ombi hilo limerudiwa na watu wa ukoo wake. Mnamo Mei 2023 Kasri ya Buckingham ilikataa, ikisema kuyafukua kungesumbua mabaki ya watu wengine wengi waliozikwa hapo.

Kilichorejeshwa hadi sasa ni nywele tu. Mwaka 2019 makumbusho ya jeshi jijini London yalirudisha nywele za Tewodros, na Septemba 2023 wawakilishi wa Ethiopia walikabidhiwa nywele za Alemayehu zilizokuwa zimehifadhiwa na jamaa wa Kapteni Speedy.

Wanaotetea uamuzi wa kasri husema wafu waachwe wapumzike, na kwamba kuzikwa Windsor ni heshima. Lakini heshima hiyo Alemayehu hakuiomba. Alichukuliwa akiwa mtoto, akanyimwa ruhusa ya kurudi akiwa kijana, na sasa anazuiwa akiwa maiti.

Kwa Abagusii na jamii nyingine zinazotafuta mabaki ya mashujaa wao, kisa hiki ni onyo. Kujua aliyechukuliwa yuko wapi ni nusu tu ya safari. Ikiwa mwana wa mfalme mwenye kaburi na jina hajarudishwa, itakuwaje kwa asiye na kaburi?