Ruhusa za Faili katika Tovuti ya Chama: Kuondoa Makosa bila Kumfungulia Mlango Kila Mtu



Tovuti ya chama, pale ilipoanzishwa, ni sehemu ya ofisi ya chama. Humo hutangazwa bei ya mazao, tarehe ya mkutano mkuu na siku ya malipo ya pili, na pengine hata namba ya akaunti ambayo wanachama huwekea fedha za hisa. Kwa sababu hiyo hapana budi ilindwe kama linavyolindwa kasha la fedha.

Makala haya yanaeleza tatizo ambalo huwapata wengi wanaoweka programu ya tovuti kwa mara ya kwanza katika seva ya kupanga. Programu hukataa kuwekwa, na kioo cha kompyuta huonyesha maneno ya kwamba faili haiwezi kuandikwa, au kwamba ruhusa imekataliwa. Tatizo lenyewe si kubwa. Hatari imo katika dawa ambayo watu wenye haraka hulitibia.

NYUMBA YA WAPANGAJI WENGI

Chama cha msingi hakina haja ya kununua seva yake chenyewe. Hupanga nafasi katika seva ya kampuni, pamoja na wapangaji wengine ambao hakiwafahamu. Mashine ni moja, lakini kila mpangaji ana akaunti yake, mfano wa chumba katika nyumba ya kupanga. Moja ya kuta zinazomzuia mpangaji wa chumba cha pili asiingie chumbani mwako ni ruhusa za faili.

Seva nyingi za namna hii hutumia mfumo wa Linux. Utaratibu wake wa ruhusa umetokana na mfumo wa Unix, ambao Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuubuni mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani. Misingi yake ingali ile ile, na katibu anayejua kutunza leja hatashindwa kuielewa.

MAANA YA TARAKIMU TATU

Kila faili na kila folda ina mwenyewe, yaani akaunti inayoimiliki. Kadhalika ina kikundi chake. Nje ya hao wapo watumiaji wengine wote wa seva. Kila upande katika pande hizo tatu hupewa au hunyimwa ruhusa ya kusoma, ambayo thamani yake ni 4. Ya kuandika, ambayo ni 2. Na ya kuendesha, ambayo ni 1. Thamani hizo hujumlishwa. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenyewe, ya pili ni ya kikundi, na ya tatu ni ya wengine.

Basi, faili yenye 644 husomwa na kuandikwa na mwenyewe (4 na 2 ni 6), bali kikundi na wengine husoma tu. Folda yenye 755 humpa mwenyewe ruhusa zote, na wengine huweza kusoma na kupita. Namba 777 humpa kila mtu kila kitu.

Yafaa ieleweke kwamba katika folda, ruhusa ya kuendesha maana yake ni kupita mlangoni. Folda isiyo na ruhusa hiyo haiingiliki, hata kama faili zilizomo zina ruhusa zote. Ndiyo sababu folda hupewa 755, si 644. Nayo ruhusa ya kuandika, ikifuatana na ile ya kupita, humwezesha mtu kuongeza, kufuta na kubadili majina ya faili zilizomo.

Hayo si mageni kwetu. Mwanachama ana haki ya kuuliza na kuonyeshwa hesabu zake, lakini kalamu ya kuandika katika leja haitolewi kwa kila aingiaye ofisini.

KWA NINI PROGRAMU HUKATAA

Tuchukue mfano wa WordPress, programu iliyoanza mwaka 2003 na inayotumika sana duniani. Wakati wa kuwekwa hutaka kuandika faili iitwayo wp-config.php, ambayo ndani yake mna jina la hifadhidata na neno lake la siri. Baadaye huandika katika folda ya wp-content, ambamo huwekwa picha na programu ndogo za nyongeza. Anayeandika humo ni programu ya PHP iliyomo ndani ya seva, wala si wewe uliyekaa mbele ya kompyuta. Sababu za kukataliwa ni hizi:

(a) Ruhusa ni finyu. Pengine faili zilivurugika wakati wa kupakiwa. Mgeni wa tovuti huonyeshwa kosa namba 403, yaani amezuiwa.

(b) Mwenyewe si yule anayetakiwa. Faili zilihamishwa kutoka seva nyingine, au ziliwekwa kwa akaunti nyingine. Dalili moja ni WordPress kuomba jina na neno la siri la FTP kila unapotaka kuongeza kitu.

(c) Ruhusa zimezidi. Seva zenye ulinzi wa suEXEC au suPHP hukataa kuendesha programu ambayo watu wengine wanaweza kuiandika, na hutoa kosa namba 500. Hapo anayezidi kulegeza ruhusa huzidi kuharibu.

(d) Nafasi ya diski imejaa. Hili si kosa la ruhusa, lakini huonekana kama ndilo, kwa kuwa faili mpya haiandikiki.

DAWA ISIYOFAA

Fundi mwenye haraka hubadili kila kitu kuwa 777. Mara nyingi kosa hutoweka, fundi hulipwa, akaenda zake. Katika chama kimoja nilichokikagua, tovuti nzima ilikuwa katika hali hiyo tangu siku ilipowekwa, na hapakuwa na mtu katika kamati aliyejua maana ya namba hiyo.

Mahali ambapo kampuni haikutenganisha wapangaji barabara, mpangaji mwingine, au mhalifu aliyeingia kupitia tovuti ya mpangaji mwingine, aweza kuandika ndani ya folda zenu. Aweza kubadili namba ya akaunti mliyoitangaza, nanyi msijue mpaka mwanachama aje na stakabadhi ya fedha ambazo chama hakikuzipokea.

HATUA ZA KUFUATA

1. Chukua nakala ya akiba ya faili zote na ya hifadhidata kabla ya kugusa chochote.

2. Soma maneno ya kosa na uandike jina la faili inayotajwa. Tazama pia daftari la makosa katika ukurasa wa usimamizi, mathalan cPanel.

3. Hakikisha nafasi ya diski haijajaa.

4. Zipe folda zote 755 na faili zote 644. Programu ya FileZilla hukuwezesha kufanya kazi hiyo kwa mara mbili: kwanza folda peke yake, kisha faili peke yake. Usizichanganye, maana ukivipa vyote 644 utazifunga folda. Kama kampuni imekupa nafasi ya kuandika amri, ingia katika folda ya tovuti, kisha andika mistari hii miwili:

find . -type d -exec chmod 755 {} \;
find . -type f -exec chmod 644 {} \;

5. Kama WordPress bado yashindwa kuandika wp-config.php, usilegeze ruhusa. Yenyewe hukuonyesha maandishi yanayotakiwa. Yanakili, uunde faili hiyo kwa mkono, kisha uendelee.

6. Kazi ikiisha, ipe wp-config.php ruhusa ya 600, ili akaunti ya chama peke yake iisome. Tovuti ikikataa kufunguka, yaelekea PHP inaendeshwa kwa akaunti nyingine. Rudisha 644 kwa muda, na uwaulize wenye seva.

7. Kama mwenyewe wa faili si akaunti yenu, usipoteze siku nzima ukihangaika. Mpangaji hana uwezo wa kubadili umiliki. Mwenye uwezo huo ni msimamizi wa seva. Iandikie kampuni kwa maneno mafupi: "Tunaomba faili zote zilizomo katika folda ya public_html ziwekwe chini ya umiliki wa akaunti yetu. Tunaomba pia kujulishwa kama PHP inaendeshwa kwa akaunti hiyo hiyo." Kampuni ikijibu kwamba dawa ni 777, kamati ifikirie kupanga mahali pengine.

TOVUTI ILIYOKWISHA KUACHWA WAZI

Kubadili namba kutoka 777 hakuondoi kilichokwisha kuingizwa. Tafuta faili msizozifahamu, na zile ambazo tarehe ya kubadilishwa kwake haina maelezo. Weka programu upya kutoka chanzo chake halisi, badili maneno yote ya siri, na ulinganishe namba za akaunti zilizotangazwa na kumbukumbu za benki.

Aidha, ruhusa hizi hazifichi kitu kilichowekwa katika public_html kwa ajili ya kutazamwa. Orodha ya wanachama yenye namba za simu na malipo ikiwekwa humo bila kufuli nyingine, yeyote anayeijua anwani yake ataisoma, hata kama ruhusa ni 644 kama inavyotakiwa. Orodha kama hiyo isiwekwe humo kabisa. Hapa Tanzania jambo hilo linahusu pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

WAJIBU WA KAMATI

Akaunti ya seva iandikishwe kwa jina la chama, si la fundi wala la katibu. Maneno ya siri yahifadhiwe pamoja na funguo nyingine za chama, na yakabidhiwe kwa maandishi kila uongozi unapobadilika. Fundi akimaliza kazi, aoneshe mbele ya mjumbe mmoja wa kamati kwamba hakuna folda iliyobaki 777, na jambo hilo liandikwe katika hati ya makabidhiano kabla ya malipo ya mwisho.

Makatibu mnaombwa kuyasoma maelezo haya katika kikao cha kamati kinachofuata na kuyaweka katika jalada la mali za chama. Nanyi wanachama, mna haki ya kuuliza katika mkutano mkuu ni nani mwenye ruhusa ya kuandika katika tovuti yenu, kama mnavyouliza ni nani mwenye ufunguo wa ghala.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika