Mume na Mke Wajenga Ua kwa Mikono Yao

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii twaikariri tangu shuleni, na wengi wetu tumeitumia kuwaonya vijana wapya wasidharau makosa madogo. Lakini ni nadra kumwona mtu ambaye methali imemtimia neno kwa neno, ufa ukiwa ufa kweli na ukuta ukiwa ukuta kweli. Mtu wa namna hiyo tulimkuta mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, si mbali na ufuko wa Ziwa Kivu. Ni askari mwenzetu, sajini mwenye utumishi wa miaka mingi. Yeye na mkewe, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, walitupokea uani kwao mikono ikiwa imetapakaa udongo hadi viwikoni. Kwa ombi lao hatutataja majina.

Habari yenyewe yaanzia jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, ulipolipuka mlima Nyiragongo ng'ambo ya mpaka, nchini Kongo. Wasomaji wengi wangali wanaukumbuka usiku ule. Mbingu juu ya Goma iligeuka nyekundu, na maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Gisenyi, watoto wakiwa mgongoni na mizigo ikiwa kichwani. Sajini alikuwa lindoni, mbali na nyumbani. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mara kwa mara, na nyumba nyingi za Rubavu zikapasuka. Nyumba ya sajini ilisalimika, ila ukuta wa matofali wa uani ulipata ufa mwembamba kama uzi. Sajini aliahidi kuuziba akipata likizo. Likizo ikaja, ikapita. Ikaja nyingine, nayo ikapita.

Mvua haingoji likizo. Maji yaliingia ufani, yakalainisha udongo chini ya msingi, na katika masika ya mwaka 2023 ukuta ukaanguka usiku mmoja. Ndiyo masika yale ambayo mafuriko na maporomoko ya mwanzo wa Mei yaliua watu wasiopungua 130 katika mikoa ya magharibi na kaskazini ya nchi. Matofali yaliangukia mahali pale pale ambapo watoto wao huchezea mchana.

"Afande," alituambia sajini, "nimewaadhibu vijana kwa kutofunga kamba za viatu. Asubuhi ile nilitazama yale matofali, nikajiuliza ni nani atakayeniadhibu mimi."

Kwa muda mrefu uani palizibwa kwa mabati chakavu na miiba. Fedha ya kumlipa fundi haikuwapo, kwa kuwa karo ya watoto ilitangulia. Hatimaye wawili hao wakaamua kujenga wenyewe. Hapo ndipo ulipozuka mjadala ambao, kwa maoni yetu, ndio kiini cha habari hii.

Sajini alitaka ukuta mrefu kupita kimo cha mtu, na juu yake vipande vya chupa. Alisema yeye huwa safarini miezi mingi, na hawezi kulala akijua mkewe na watoto wako wazi. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa utani, "Afande, hapa si kambini." Halafu akamkumbusha jambo ambalo mume hakulishuhudia. Usiku wa Nyiragongo, aliyekuja kumgongea dirisha si polisi wala si kiongozi wa mtaa. Alikuwa ajuza anayeishi nyuma yao, mjane, aliyepita penye pengo dogo mwishoni mwa ukuta wa zamani, akamwamsha, akambeba mtoto mdogo hadi barabarani. "Ukuta wako wa chupa," akasema mke, "ungemzuia nani usiku ule?"

Sisi tuliopitia chuo cha maafisa tulifundishwa kwamba kizuizi kisichoangaliwa si kizuizi. Seng'enge isiyo na mlinzi humchelewesha adui tu, haimzuii. Na polisi wanajua kwamba mwizi akishauruka ukuta mrefu, ukuta huo huanza kumlinda yeye, maana hakuna jirani anayemwona. Mwalimu yule hakusoma vitabu vyetu, lakini alifikia hukumu ile ile: ulinzi wa uani ni macho ya jirani.

Likabaki suala la mpaka. Nchini Rwanda ardhi ilipimwa na kuandikishwa kote katika kazi kubwa iliyoanza mwaka 2009, na hati ya wanandoa hawa ina majina ya wote wawili. Waliitoa hati sandukuni, wakamwita ajuza na kiongozi wa mudugudu, wakavuta kamba kutoka pembe hadi pembe. Kamba ilifichua jambo la aibu. Ukuta wa zamani, uliojengwa na aliyewauzia nyumba, ulikuwa umemeza kiasi cha hatua moja ya kiwanja cha ajuza. Ajuza hakushangaa. Alikuwa akijua tangu mwanzo.

Walimwuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba hakutaka kugombana na nyumba yenye bunduki. Sajini alitusimulia maneno hayo akiwa ameinamisha kichwa. Siku hiyo hiyo alizing'oa mambo na kuzirudisha mahali pa haki, na msingi mpya ukaanza hapo.

Kuhusu kazi yenyewe, tutaeleza kwa ufupi kwa faida ya watakaopenda kuiga. Chini waliweka msingi wa mawe meusi ya volkeno, ambayo Rubavu inayo kwa wingi, wakaujenga kufikia goti tu, na kuacha matundu ya kupitishia maji ya mvua. Ukuta unaozuia maji husukumwa na maji hayo mpaka uanguke. Juu ya msingi hawakuweka matofali tena. Walisimamisha nguzo za mkaratusi, zilizochomwa moto kwenye ncha za chini ili mchwa na uozo vichelewe, nguzo za pembeni zikitangulia na nyingine zikifuata kamba. Baina ya nguzo walifunga fito na mabua ya matete, na kwa nje wakapanda vipandikizi vya mnyaa, mti wa nyua za jadi katika nchi hii. Utomvu wa mnyaa ni hatari kwa macho. Mwenye kuukata hana budi kujikinga na kuwaweka watoto mbali. Ua wa namna hii ni mwepesi, na ardhi ikitetemeka tena hautamwua mtoto.

Mke alishika timazi, mume akashika mtaimbo. Nguzo ya tatu ilipopinda, mke aliamuru ing'olewe, na sajini akaing'oa. Mwishoni, mahali palipokuwa na lile pengo, walitundika kilango cha mbao kisicho na kufuli upande wa ajuza.

Katika Kinyarwanda neno urugo lina maana ya ua unaozunguka nyumba, na pia lina maana ya nyumba yenyewe na watu wake. Mtu akioa husemwa kwamba amejenga urugo. Nasi katika Kiswahili twaita ua kile kizuizi, na ua pia pale mahali ndani yake ambapo jamaa hupika na kuzungumza. Lugha zetu zimekataa kuitenga kuta na watu.

Ndugu askari na polisi, wengi wetu tunalinda mipaka ya nchi huku mipaka ya nyumba zetu ikiwa na nyufa. Tutakapopata likizo, tuzunguke uani tuzitazame. Na tumwulize jirani kama kuna jambo analolijua ambalo aliogopa kutuambia kwa sababu ya sare tunazovaa.

Tulipoaga jioni, kilango kilifunguka. Ajuza aliingia na kibuyu cha maziwa, akapita bila kubisha hodi.