Fahamu: Kutoka uwakili hadi ubunge Dodoma

Anthony Mavunde ni mwanasheria. Mwaka 2015 alichaguliwa mbunge wa Dodoma Mjini kwa tiketi ya CCM, na mwaka huohuo akateuliwa naibu waziri. Mwaka 2023 akawa Waziri wa Madini.

Je, ni lazima kusomea sheria ili kuingia bungeni? Hapana. Ibara ya 67 ya Katiba ya Tanzania inamtaka mgombea awe raia aliyetimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na apendekezwe na chama. Shahada haitajwi, na naona ni sawa: mkulima wa zabibu wa Dodoma naye ana haki ya kuwasemea wenzake.

Lakini kazi yenyewe ni ngumu. Muswada husomwa kifungu kwa kifungu. Kisha kuna ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), ambayo kwa Ibara ya 143 Rais huifikisha bungeni. Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, huwahoji maofisa masuhuli, yaani wanaowajibika kwa matumizi ya fedha za umma, juu ya hoja za ukaguzi. Hapo mbunge asiyeweza kusoma mizania hutegemea maelezo ya yuleyule anayemhoji. Wahasibu wanahitajika mno kwenye kamati hiyo.