Mnada au yadi? Pima kabla ya kutoa akiba yako

UKIKAA na wafanyabiashara wa Area 23 mjini Lilongwe, au na wakazi wa Dzaleka, hutakosa kusikia habari za ‘mkonga’, yaani Land Cruiser ya zamani. Anaitaka anayebeba mizigo kwenda mpaka wa Songwe, na anaitaka anayejiandaa kurudi Burundi au Kongo. Injini yake ya dizeli aina ya 1HZ, iliyotoka mwaka 1990, haina mambo ya kompyuta, hivyo hata fundi wa kijijini anaifungua.

Swali ni hili: uinunue mnadani au yadi?

Mnadani bei huanzia chini. Mashirika na idara za serikali huuza huko magari yaliyochoka, lakini gari huuzwa jinsi lilivyo. Utaruhusiwa kulitazama, pengine kuliwasha, si kuliendesha barabarani. Nyundo ikishagonga, gia isiyoingia ni mzigo wako.

Mtego mkubwa zaidi ni ushuru. Magari mengi ya mashirika huingia nchini kwa msamaha wa kodi, na yakiuzwa kwa mtu binafsi ushuru hudaiwa. Kabla ya kutaja bei, uliza nani analipa, kisha hakikisha kwa Mamlaka ya Mapato ya Malawi (MRA).

Yadi bei iko juu, kwani mwenye mali ameweka humo gharama zake na faida. Hata hivyo unaliendesha, unamleta fundi wako, mnapatana. Jihadhari tu: rangi mpya huficha kutu, na mita hurudishwa nyuma.

Kote kuwili, namba ya chesisi ilingane na kadi, na umiliki uhamie kwenye jina lako kabla ya safari. Gari lenye jina la mwingine linaweza kuzuiwa mpakani, mizigo ikiwa juu.

Mfanyabiashara mwenye fundi wake na akiba ya matengenezo anaweza kujaribu mnada. Lakini aliyeuza kibanda chake Dzaleka ili arudi nyumbani, ni heri aende yadi. Kutoka Songwe kupitia Mbeya na Sumbawanga hadi Kigoma ni safari ndefu, na gari likimfia njiani, nyuma hana tena kibanda cha kurudia. Wahenga walishasema: rahisi ghali.