Kwa nini tunasikia yasiyoimbwa, hasa katika nyimbo za kejeli

Mashabiki wa muziki hawaishi kubishana. Wimbo mpya ukitoka, hasa wa msanii wa kujitegemea anayewacheka wakubwa, mjadala huzuka ndani ya matatu, mabwenini na kwenye vikundi vya simu: kwani amesema nini hasa pale kwenye kiitikio? Mmoja anashikilia kwamba msanii ameimba ‘kura’. Mwingine anaapa kwamba ni ‘kula’. Wote wawili wameusikiliza wimbo huo mara kumi. Je, nani mkweli?

Mabishano ya aina hii yanaweza kuonekana kuwa mzaha mtupu. Hata hivyo, wimbo wa kejeli hubeba tuhuma. Silabi moja ikisikika vibaya, anayechekwa hubadilika, na msanii huweza kusifiwa au hata kushtakiwa kwa neno ambalo hakulitamka. Makala haya yanaeleza kwa nini sikio hukosea na jinsi msikilizaji anavyoweza kuamua bila kurushiana matusi na wenzake.

Kosa hili lina jina katika Kiingereza. Mwaka 1954, mwandishi Mmarekani Sylvia Wright alieleza katika jarida la Harper’s kwamba utotoni alikuwa akisomewa na mamake utungo wa kale wa Scotland kuhusu mwungwana aliyeuawa, kisha akalazwa nyasini. Mtoto hakusikia habari za nyasi. Alisikia kwamba mwungwana huyo aliuawa pamoja na bibi mmoja aitwaye Lady Mondegreen. Bibi huyo hakuwahi kuwepo. Alizaliwa na maneno yaliyoshikana. Tangu hapo, neno mondegreen hutumika kuyataja maneno yaliyosikika visivyo.

Kwa nini hutokea hivyo? Wengi hudhani kwamba sikio ni kama ndoo: kinachomiminwa ndicho kinachoingia. Wanaisimu wanajua sivyo. Mwaka 1970, mtafiti Richard Warren aliondoa sauti moja katikati ya neno la Kiingereza lenye maana ya ‘mabunge’, akaweka kikohozi mahali pake. Karibu wasikilizaji wote walilisikia neno zima, wala hawakutambua kwamba kulikuwa na pengo. Ubongo ulikuwa umelijaza. Basi tunasikia kwa masikio na kwa yale tunayoyajua, tunayoyatarajia na tunayoyatamani.

Uimbaji huongeza ugumu huo. Katika mazungumzo ya Kiswahili, mkazo huwekwa kwa kawaida kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na husaidia kutofautisha maneno. Tamka ‘barabara’ ukikaza silabi ya tatu, utapata njia ya magari. Kaza silabi ya pili, utapata maana ya ‘sawasawa’. Mwimbaji hufuata mapigo ya ngoma, na mapigo hayajali mkazo wa Kiswahili.

Urefu wa irabu nao huvurugika. Zingatia jozi hizi: kata na kataa, koma na komaa, kufa na kufaa. Kiongozi ‘wa kufaa’ ni sifa. Kiongozi ‘wa kufa’ ni jambo la kuwaita polisi. ‘Mheshimiwa, komaa’ ni ushauri ilhali ‘Mheshimiwa, koma’ ni karipio. Lakini mwimbaji akivuta irabu ya mwisho ili ifikie mwisho wa mdundo, ‘koma’ hugeuka kuwa ‘komaa’ masikioni mwa umati.

Tatizo la tatu ni mipaka ya maneno. Katika maandishi tunaacha nafasi baina ya maneno. Katika sauti nafasi hizo hazipo. Chukulia kwamba msanii ametamka ‘hawa wananchi’. Shabiki mmoja atasikia raia wakitajwa. Wa pili atasikia ‘hawa wana nchi’, yaani wapo watu fulani wanaoimiliki nchi. Na iwapo ‘wa’ moja itamezwa na gitaa, wa tatu atasikia ‘hawana nchi’. Raia, wenye nchi na wasio na nchi, wote ndani ya pumzi moja! Katika wimbo wa mapenzi hilo lingepita. Katika wimbo wa kejeli kuhusu ardhi au uongozi, huo ndio wimbo wenyewe.

Aidha, lugha ya kwanza ya msikilizaji huchangia. Baadhi ya lugha zetu hazitofautishi /l/ na /r/. Ndiyo maana ‘kura’ na ‘kula’ hugombana kila msimu wa uchaguzi, na wachekeshaji hawajaacha kuvuna hapo.

Historia inatuonyesha kwamba mambo haya yanaweza kufika mbali. Mwaka 1963, bendi ya The Kingsmen ilirekodi wimbo “Louie Louie” mjini Portland, Marekani, katika mazingira duni. Maikrofoni ilikuwa imening’inizwa juu, na mwimbaji Jack Ely akawa anapaza sauti kuielekea. Maneno hayakueleweka. Vijana wakaanza kusambaza matini zao wenyewe zilizojaa matusi, nao wazazi wakalalamika. Shirika la upelelezi la FBI likaingilia kati, likauchunguza wimbo huo kwa zaidi ya mwaka mmoja, likiucheza kwa kasi mbalimbali. Hatimaye likakiri kwamba haukueleweka kwa kasi yoyote. Na maneno aliyoyaandika mtunzi, Richard Berry? Ni baharia anayemweleza mhudumu wa baa jinsi anavyomkumbuka mpenzi wake. Matusi yalitoka kwa wasikilizaji.

Kuna pia usikivu mbaya ambao si wa sauti. Wimbo “Born in the U.S.A.” wa Bruce Springsteen, uliotoka mwaka 1984, unasimulia machungu ya askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam na kutelekezwa. Kiitikio chake kinasikika vizuri mno, na hapo ndipo tatizo lilipo. Wengi walikidaka kiitikio, wakaziacha beti, wakauimba kama wimbo wa kuisifu nchi. Walisikia kila neno la kiitikio, ila kinaya kikawapita.

Hapa Kenya, mwaka 2012, wanamuziki watatu walifikishwa mahakamani kwa madai ya uchochezi kupitia nyimbo za lugha ya mama. Panapofikia hapo, suala la nini kilichoimbwa na nini kilichomaanishwa huacha kuwa gumzo la mashabiki.

Tufanyeje basi? Kwanza, tutumie sarufi. Kiswahili kimetujalia upatanisho wa kisarufi. Kama neno ni ‘kura’, tutarajie ‘zimeisha’. Kama ni ‘kula’, tutarajie ‘kumeisha’. Kiambishi kimoja kinaweza kumaliza ubishi wa wiki nzima. Pili, tuhesabu mizani. ‘Hawa wananchi’ ina silabi sita na ‘hawana nchi’ ina tano. Tulinganishe na mshororo unaofuata. Tatu, tuzisome beti zote, maana kiitikio pekee hakitoshi kumtia mtu hatiani. Nne, tutafute maneno ya mtunzi mwenyewe.

Lakini tahadhari! Huenda mtunzi alitaka tubishane. Watunzi wa taarabu wa pwani wamejua siku nyingi kwamba fumbo zuri humwacha kila msikilizaji akidhani jirani yake ndiye aliyelengwa. Msanii wa kejeli anaweza kuchagua utata kwa makusudi ili akiulizwa, apate pa kutokea. Katika hali hiyo, ‘kura’ na ‘kula’ zote ni sahihi, na anayelazimisha moja anaupunguza wimbo.

Kwa wasanii, ombi langu ni dogo: chapisheni maneno ya nyimbo zenu, kwa tahajia sanifu, siku ileile mnapozitoa. Studio ya bei nafuu si aibu, ila isiwe sababu ya umma kuwatungia maneno ambayo ninyi mtalazimika kuyajibia. Na kwa mashabiki: kabla ya kusambaza mlichosikia, jiulizeni ni kiasi gani kilitoka kinywani mwa msanii, na ni kiasi gani mlikuwa nacho tayari.