Kubaleghe si kupata busara

Binti akishavunja ungo, au sauti ya mvulana ikishakuwa nzito, wazazi wengi husema, "Huyu sasa ni mtu mzima." Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Kilichoanza kukomaa ni mwili, na hata huo haujamaliza.

Wasichana wengi huanza kubaleghe wakiwa na umri wa kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Lakini sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo humsaidia mtu kupima matokeo kabla ya kutenda, huendelea kukua hata baada ya miaka 20. Ndiyo sababu kijana hodari darasani huweza kupanda pikipiki bila kofia mbele ya wenzake, ingawa hatari anaijua vyema.

Kwa msichana mambo ni mazito zaidi. Mifupa ya nyonga huendelea kupanuka kwa miaka kadhaa baada ya hedhi ya kwanza. Akishika mimba mapema, mtoto anaweza kukwama njiani, na mama asipofanyiwa upasuaji kwa wakati, huenda akapata nasuri, yaani fistula, akawa anavuja mkojo bila kujizuia.

Na baba anayemwoza binti wa miaka 14 kwa kuwa "amekua"? Mvi anazo, busara sijaiona.

Mzazi, zungumza na mwanao kabla dalili za kwanza hazijatokea. Akiuliza swali la aibu, mjibu. Ukinyamaza, atamwuliza rafiki wa rika lake.