Uhakika na Matarajio katika Kitenzi "Tegemea"

1.0 Utangulizi

Sentensi "Wakulima wa Mdandu wanategemea mvua" ina maana mbili. Ya kwanza ni kwamba kilimo chao huendeshwa kwa mvua. Ya pili ni kwamba wanatazamia mvua inyeshe. Katika Wilaya ya Wanging'ombe, Mkoa wa Njombe, ambako mvua huwa za msimu mmoja kwa mwaka, maana hizo mbili hukutana shambani kila Novemba, lakini hazilingani. Makala haya yanabainisha viashiria vya kisarufi vinavyozitenganisha.

2.0 Maana za Msingi

Maana ya kuegama juu ya kitu, kama katika "ametegemea mkongojo", leo aghalabu hubebwa na kitenzi "egemea". Kutokana nayo zimekua maana tatu dhahania:

(a) Kupata msaada au riziki: "Watoto wanamtegemea bibi yao."
(b) Kuamuliwa na jambo jingine: "Bei ya viazi inategemea hali ya barabara."
(c) Kutarajia: "Anategemea kuvuna Juni."

Maana (a) ndiyo iliyozaa "mtegemezi", "utegemezi" na, kwa kirejeshi, "kujitegemea", neno lililopata uzito wa kisiasa kwa Azimio la Arusha la 1967. Maana (b) imeingia katika istilahi za isimu, kama vile "kishazi tegemezi" na "mofimu tegemezi".

3.0 Viashiria vya Kisarufi

Kiashiria cha kwanza ni kiima. Kiima kisicho na uhai huelekeza kwenye maana (b). Ndiyo maana "Mavuno yanatarajia mvua" haikubaliki, ilhali "Mavuno yanategemea mvua" ni sahihi. Cha pili ni kijalizo: kitenzi-jina baada ya kiima chenye uhai huleta maana (c). Cha tatu, kilicho muhimu zaidi, ni kiambishi cha mtendwa. "Tunategemea wageni" husema kwamba wageni watakuja; "tunawategemea wageni" husema kwamba bila wao mambo hayaendi. Ukanushi nao hufuata mkondo huohuo: "sikutegemea" hutaja jambo lililozuka bila kutazamiwa, na "sikumtegemea" hukana kumwekea mtu imani.

4.0 Tegemea, Bahati na Nasibu

"Bahati" na "nasibu" hutaja tokeo bila kutaja sharti lake. "Tegemea" hutaja sharti, hata kama sharti lenyewe halina hakika. Anayesema "ni bahati tu" hana la kuulizwa zaidi, anayesema "inategemea" hudaiwa jibu la swali "inategemea nini?"

5.0 Athari katika Mawasiliano

Tangazo lisemalo "Mbolea ya ruzuku inategemewa kufika Novemba" hueleza matarajio ya mtoaji. Msomaji aliyezoea maana (a) aweza kulichukua kama ahadi, akaahirisha kununua mbolea kwingine, na msimu ukampita. Wapo wanaopendekeza "tarajia" itumike kwa maana (c) peke yake. Hata hivyo, matumizi ya "tegemea" kwa maana hiyo yamekwisha kuota mizizi Tanzania, na kuyaita makosa hakutayaondoa.

6.0 Hitimisho

Utata wa "tegemea" una mipaka inayotabirika: kiima, kijalizo na kiambishi cha mtendwa huuondoa mara nyingi. Unaposalia, kama katika sentensi ya Mdandu, ni kwa sababu nomino "mvua" kwa kawaida haidai kiambishi hicho. Hapo mwandishi wa matangazo ya umma hana budi kuchagua "tarajia", au kulitaja sharti waziwazi.